Bendi Ipi Ilikuwa Bora? Somo la Kubishana kwa Hoja

Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu mbele yake. Leo hatutasoma habari za mbolea wala hesabu za dukani. Leo tutasoma habari za ubishi wa wapenzi wa muziki. Msicheke. Kubishana ni kazi ya akili, na kila kazi ina njia yake.

Tuanze kwa mfano. Fikirini ni jioni huko Maisaka, katika mji wa Babati. Mwanga wa mwisho umebaki juu ya mlima Kwaraa. Wazee wawili wamekaa kwenye benchi nje ya banda la fundi baiskeli. Redioni unapigwa wimbo wa zamani wa dansi. Mzee wa kwanza alikuwa dereva wa lori. Anasema, "Unasikia? Hiyo ndiyo Sikinde. Bendi nyingine zilikuwa kelele tu."

Mzee wa pili ni fundi cherehani. Anajibu, "Mzee mwenzangu, usinichekeshe. Bila Msondo hakuna Sikinde. Na huyo anayeimba ni Gurumo, mtu wa Msondo."

"Gurumo ni wa Sikinde!"

"Nakwambia ni wa Msondo!"

Sauti zinapanda. Mmoja anachukua fimbo yake na kuondoka bila kuaga. Kesho yake hawasalimiani. Wiki inapita, benchi lina mtu mmoja. Urafiki wa miaka thelathini umepata ufa kwa sababu ya wimbo mmoja.

Je, nani alikuwa na haki? Ili tujibu, yafaa tujue kwamba ndani ya ubishi ule mlikuwa na maswali matatu, nao wazee waliyachanganya kama mchele na mawe. La kwanza ni swali la habari. La pili ni swali la kipimo. La tatu ni swali la mapenzi. Tuyachambue moja moja.

Swali la habari ni lile lenye jibu moja. Nani aliimba? Mwaka gani? Katika bendi ipi? Hapa hakuna haja ya kupaza sauti, kuna haja ya kuchunguza.

Basi, tuchunguze. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1964. Ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, NUTA. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi nayo ikaitwa Juwata Jazz. Baadaye ikaitwa OTTU Jazz, na mwishowe Msondo Ngoma. Muhidin Gurumo alikuwamo tangu siku za NUTA. Mwaka 1978 ilianzishwa bendi nyingine, Mlimani Park Orchestra, ambayo mtindo wake ni Sikinde. Gurumo akahamia huko, na Hassani Bitchuka pia alitoka Juwata. Wenzao wengine walitoka bendi ya Dar International. Mwaka 1985 Gurumo akahamia Orchestra Safari Sound. Baadaye akarudi katika bendi yake ya zamani, akaimba humo mpaka alipostaafu. Alifariki mwezi wa Aprili mwaka 2014.

Mnaona sasa? Dereva alisema kweli, na fundi cherehani alisema kweli. Gurumo alikuwa wa Msondo, na alikuwa wa Sikinde. Waliposema "ni wa" walisahau kuuliza, "wakati gani?" Neno hilo moja, wakati, lingeokoa urafiki wao.

Kwa nini wanamuziki walihama hivyo? Sababu ni kwamba vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Magitaa, ngoma, tarumbeta na vipaza sauti vilikuwa vya chama, shirika au tajiri fulani. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama karani. Akiahidiwa mshahara mzuri zaidi mahali pengine, aliliacha gitaa pale pale akaenda. Kwa hiyo mpenzi wa muziki anayeipenda bendi na anayempenda mwimbaji huenda siku moja akajikuta amegawanyika.

Sasa tuje kwenye swali la pili, la kipimo. Ukisema, "Huyu ni bora," ni lazima useme bora kwa nini. Tuchukue mji wa Morogoro. Mji ule ulikuwa na bendi mbili mashuhuri: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na Morogoro Jazz, ambayo Mbaraka Mwinshehe aliipatia sifa kubwa. Hata leo wazee hubishana: Salum au Mbaraka? Lakini Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, wakati Mbaraka alikuwa bado kijana anayeanza. Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, naye akafariki kwa ajali ya gari huko Kenya, mwezi wa Januari mwaka 1979. Mmoja alikimbia asubuhi, mwingine alikimbia mchana. Ukipima kwa kutangulia, utamtaja Salum. Ukipima kwa kupiga gitaa la solo, utamtaja Mbaraka. Mkikubaliana kipimo kwanza, ubishi utakuwa mfupi na wenye faida. Msipokubaliana, mmoja anapima kwa kibaba na mwingine kwa futi. Watafikia wapi?

Swali la tatu ni la mapenzi. Labda dereva alisikia wimbo wa Sikinde siku alipomchumbia mkewe. Labda fundi alijifunza kushona huku redio ikipiga Msondo. Mambo haya hayana hoja wala hayahitaji hoja. Mtu akisema, "Mimi naupenda," jibu la adabu ni, "Haya, nieleze kwa nini." Usimwambie amekosea. Moyo wake si mtihani.

Ubishi huu si wa kwetu peke yetu. Huko Uingereza na Marekani wapenzi wa muziki wa roki wamebishana tangu miaka ya 1960: Beatles au Rolling Stones? Wao hubishana hasa juu ya albamu. Albamu ni santuri kubwa yenye nyimbo kadhaa, inayozunguka mara 33 kwa dakika, na kila upande hucheza kwa dakika kama 20. Huwekwa katika jalada la karatasi ngumu lenye maandishi. Albamu ya Beatles ya mwaka 1967, Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, ilichapishwa hata maneno ya nyimbo nyuma ya jalada. Mbishi wa huko akitaka kuhakikisha jambo, mara nyingi hugeuza jalada akasoma.

Kwetu haikuwa rahisi hivyo. Nyimbo nyingi za dansi zilitolewa katika santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande. Wimbo ukiwa mrefu, ulikatwa vipande viwili, nusu huku na nusu kule. Nyimbo nyingine zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam ili zipigwe redioni tu, wala mtu hakuweza kuzinunua dukani. Msikilizaji wa Babati alisikia sauti, lakini hakuona jalada. Nani alipiga besi? Nani alipuliza tarumbeta? Majibu mengi yamekaa vichwani mwa wazee wanaobishana barazani. Na mzee akifariki, majibu yake huenda naye.

Ndiyo maana nasema ubishi ule ni mali, na wazee wawili wasiosalimiana ni hasara. Ninyi sasa mnajua kusoma na kuandika. Mkisikia ubishi wa namna hii, msikae kutazama. Chukueni daftari. Pigeni mistari miwili ili mpate sehemu tatu. Katika ya kwanza andikeni HABARI, katika ya pili KIPIMO, katika ya tatu MAPENZI. Kila neno linalosemwa litieni mahali pake. Habari ambayo wazee hawakubaliani, iwekeeni alama ya kuuliza, kisha mkamwulize mtu mwingine aliyekuwapo.

Na yule atakayeanza kwenda kupiga hodi kwa mwenzake, aende na daftari hilo. Aseme, "Mzee mwenzangu, nimekuja kukuuliza. Gurumo alipotoka Juwata, wewe ulikuwa wapi?" Mlango utafunguliwa.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Je, Gurumo aliimba katika bendi ngapi kati ya zilizotajwa? Zitaje kwa mfuatano.
2. "Mbaraka alifariki mwaka 1979." Hili ni neno la habari, la kipimo au la mapenzi?
3. Andika sentensi tano juu ya wimbo wa zamani unaoupenda, na sababu yako.

Mpaka tutakapokutana tena wiki ijayo, kwaherini.