Dema ndani ya damu

Damu ikishazungushwa kwenye mashine ya maabara, iwe ya Likoni au ya Changamwe, chembe nyekundu hutuama na juu hubaki majimaji ya rangi ya manjano. Hayo ndiyo plazima. Kati ya protini zilizomo, kila mtu husifia albumini. Mimi navutiwa zaidi na jirani yake asiyetajwa, alfa-2-makroglobulini, protini ya vipande vinne yenye uzito unaozidi wa albumini mara kumi.

Kazi yake iliyojulikana kwanza ni kunasa vimeng'enya vinavyokatakata protini, na hunasa kama dema la wavuvi wa Mtongwe. Ina sehemu ya chambo. Kimeng'enya kikiuma tu, molekuli nzima hukibania ndani, na ini hulifagia furushi hilo kutoka kwenye damu kwa dakika chache.

Lakini pia hushika vitu bila kuvibania: vichocheo vya ukuaji, na saitokini, yaani protini ambazo seli hutumia kuitana. Kitu kikishikwa hivyo hakifiki kwa urahisi kwenye seli kilikokusudiwa. Hata kipimo cha maabara huweza kukikosa, ndiyo maana majibu ya saitokini yanataka kusomwa kwa tahadhari.

Tuseme mvuvi amechanwa mguu na matumbawe. Chembe nyeupe hujaa kidondani na kumwaga asidi ya haipoklorasi, ileile inayofanya kazi ndani ya Jik. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba asidi hiyo huigeuza tabia protini yetu: huzidi kung'ang'ania TNF na intalukini-6, saitokini zinazochochea uvimbe, huku ikilegeza mkono kwa vichocheo vya ukuaji vinavyohitajika kuziba jeraha. Uharibifu wenyewe ndio unaofungua njia ya ukarabati. Sijui kama kuna mpango nadhifu zaidi mwilini.

Vimelea vya malaria navyo vinaifaidi protini hii. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 1995 ulihusisha ukali wa malaria na tabia ya chembe zenye vimelea kujizungushia chembe nyekundu nzima. Mwaka 2015 ikaonekana kwamba baadhi ya vimelea hivyo hujipatia gundi kutoka kwa alfa-2-makroglobulini: molekuli moja huweza kuunganisha protini kadhaa za kimelea juu ya chembe, na kuifanya chembe hiyo inate kwa nguvu zaidi.