Mlango Una Mwenyewe: Kinachopandisha na Kushusha Idadi ya Wachezaji wa Kadi

Msimu wa mashindano ukikaribia kuisha, wapenzi wa michezo ya kadi huanza kugombana kwa namba. Mmoja atakuletea grafu inayoonyesha kwamba Magic inakufa, mwingine atakuletea ya kwake kuthibitisha kwamba Pokémon haijawahi kupendwa kama sasa. Nimezifuatilia grafu hizo kwa muda, na msimamo wangu ni kwamba nyingi hazipimi mapenzi ya watu kwa mchezo hata kidogo. Zinapima upana wa mlango, na mlango una mwenyewe: kampuni inayochapa kadi.

Kwa mzazi ambaye mtoto bado hajamletea kadi hizi mezani, maelezo ya haraka. Magic: The Gathering ilitoka Marekani mwaka 1993, kazi ya Richard Garfield na kampuni ya Wizards of the Coast. Kadi za Pokémon zilianza Japani mwaka 1996, zikafika Marekani 1999. Yu-Gi-Oh! ya Konami ikafuata, Japani 1999 na Marekani 2002. Unanunua pakiti, unakusanya, unabadilishana na wenzako, halafu unaunda seti yako ya kuchezea. Wengi wetu tukisikia karata akili inakimbilia kamari, na siwalaumu wazee wanaokunja uso, kwa sababu pakiti inanunuliwa bila kujua ndani mna nini. Lakini kwenye meza ya mashindano hakuna dau. Mchezaji wa Pokémon anaingia ukumbini na kadi zake 60, zote ameziorodhesha na kuikabidhi orodha hiyo kabla ya mchezo kuanza. Mwamuzi anaweza kuichukua seti yake wakati wowote, akazihesabu kadi moja moja kulinganisha na orodha, kisha akageuza vifuko vya plastiki kwenye mwanga kutafuta mkwaruzo au kona iliyokunjwa inayoweza kumwambia mchezaji ni kadi gani ipo juu. Nimeona watoto wa miaka kumi wakisimama wima kama askari wakati huo.

Turudi kwenye namba. Mtu akisema "mashindano yalikuwa na watu elfu moja", muulize elfu moja wapi. Kuna waliolipia tiketi. Kuna waliokaa kitini raundi ya kwanza, ambao huwa wachache kuliko waliolipia, kwani mtoto anaugua na treni inachelewa. Halafu kuna waliobaki jioni, ambao ni wachache zaidi, maana mchezaji akipoteza mara tatu mfululizo hujiondoa akaenda kula au kubadilishana kadi kwenye meza za pembeni. Waandaaji hupenda kutangaza namba ya kwanza, na wanaolalamika huipenda ya mwisho.

Hesabu yenyewe ya mashindano pia ina mipaka yake. Michezo hii hutumia mfumo wa Uswisi, ule uliotumika kwenye mashindano ya chesi mjini Zürich mwaka 1895: hakuna anayetolewa kwa kufungwa, bali kila raundi unapangiwa mtu mwenye matokeo kama yako. Ili abaki mmoja tu asiyefungwa, watu 8 wanahitaji raundi 3, watu 128 wanahitaji 7, na watu 1,024 wanahitaji 10. Raundi moja ya Magic au Pokémon ni dakika 50, ongeza muda wa kumalizia na wa kupanga wachezaji upya, unavuka saa nzima. Raundi kumi zikianza saa tatu asubuhi, utatoka usiku. Ndiyo maana mashindano makubwa yanagawanywa siku mbili, ya pili ikiwa ya waliofanya vizuri tu. Ndiyo maana pia mwandaaji huweka kikomo cha tiketi muda mrefu kabla watu hawajachoka kuja: viti, waamuzi na saa za siku vina mwisho wake.

Sasa tuone jinsi mwenye mlango anavyofanya kazi. Mfano mzuri kuliko yote ni wa Magic.

Kwa miaka mingi mashindano ya taifa ya Magic yalikuwa ya mwaliko. Ulifuzu kupitia michujo, au uliitwa kwa sababu alama zako zilikuwa juu. Marekani hata kulikuwa na michujo ya dakika za mwisho usiku wa kuamkia mashindano, ambako watu walicheza kwa mtoano mpaka alfajiri kugombea nafasi chache zilizobaki. Waliomaliza juu waliunda timu ya taifa na kwenda kwenye fainali za dunia kuiwakilisha bendera. Heshima ilikuwa kubwa, ila ukumbi ulikuwa wa watu mamia, si maelfu. Anayechukua namba ya mashindano ya taifa ya wakati huo na kuiweka karibu na namba za leo anafananisha karamu ya waalikwa na mkutano wa hadhara.

Alama zilizotumika kuwaita watu zilikuwa za Elo, mfumo wa chesi: ukishinda unapanda, ukifungwa unashuka. Kwenye karatasi ni haki tupu. Ukweli wake ni kwamba mchezaji aliyefikia alama za kuitwa alikuwa na kila sababu ya kubaki nyumbani. Akienda kucheza Ijumaa dukani na mtoto wa shule akamfunga, angepoteza mwaliko. Kwa hiyo wachezaji bora, wale ambao wengine walitaka kuwaona, walizikalia alama zao kama kuku anayeatamia mayai. Mfumo wa kuwapima wachezaji ukawa unawafukuza mashindanoni.

Septemba 2011 Wizards walikubali hilo na kuleta mfumo mpya, Planeswalker Points, ambamo alama hazishuki. Kadiri unavyocheza ndivyo unavyojikusanyia. Unaweza kukisia kilichofuata. Watu walianza kusafiri kila wikiendi kufukuza pointi, kumbi zikajaa, na malalamiko yakahama: sasa ilionekana mwenye nauli na likizo ndefu anamshinda mwenye kipaji. Ndani ya muda mfupi kampuni ikalazimika kupunguza uzito wa pointi hizo katika kugawa mialiko. Pokémon nayo iliachana na Elo karibu wakati huo huo na kuanza kutumia pointi za ubingwa. Mchezo haukuwa umebadilika kitu katika kipindi hicho, na watu ni wale wale. Kilichobadilika ni kanuni ya nani anaitwa.

Na mwishoni mwa 2011 hiyo hiyo, mashindano ya taifa ya Magic yakafutwa. Badala yake kila nchi ikawa na michujo ya World Magic Cup, kombe la dunia la timu lililoanza Indianapolis mwaka 2012. Mashindano ya taifa yakafufuliwa 2017, yakafanyika tena 2018, kisha yakazikwa mara ya pili pamoja na kombe lenyewe. Grafu ya mahudhurio ya "mashindano ya taifa ya Magic" ina shimo la miaka mitano katikati na ukuta mwishoni, na wala halikuwa jambo la watu kuchoka.

Ushahidi kwamba hawakuwa wamechoka upo kwenye mashindano ya wazi ya miaka ile ile. Juni 2013, Grand Prix ya Las Vegas ilivuta wachezaji kama 4,500. Miaka miwili baadaye, mji huo huo, walifika 7,551, ikabidi wagawanywe katika mashindano mawili yanayokwenda sambamba, na wikiendi hiyo hiyo kulikuwa na mashindano mengine makubwa Utrecht na Chiba. Hakuna aliyeombwa mwaliko. Lipa, kaa. Na kulikuwa na chambo: wachezaji walifungua pakiti za Modern Masters, toleo lililorudisha kadi za zamani za bei kali. Mtu angeweza kufungwa mechi zote akatoka na kadi inayorudisha ada yake ya kuingia. Yu-Gi-Oh! walikuwa wameonyesha jambo hilo hilo Machi 2012 huko Long Beach, California, ambako wachezaji 4,364 walikaa kwenye mashindano ya wazi na kuingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness.

Mabadiliko yanayotugusa zaidi sisi tunaoishi Ulaya kwa karatasi za ukaazi ni ya Pokémon.

Hadi mwaka 2016 nchi kama Ujerumani, Ufaransa, Italia na Uingereza zilikuwa na mashindano yao ya taifa ya Pokémon. Msimu wa 2016 hadi 2017 yakaondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na mashindano manne ya kimataifa: London Desemba 2016, Melbourne Machi 2017, São Paulo Aprili, na Indianapolis mwanzoni mwa Julai. Ukitazama namba pekee, ni mafanikio. Badala ya vikundi vya mamia vilivyotawanyika nchi kumi, sasa kuna ukumbi mmoja wenye maelfu, picha nzuri na matangazo ya moja kwa moja.

Ila hesabu nani amebaki nje. Mtoto wa Kikongo au wa Kitanzania anayeishi Dortmund kwa kibali cha ukaazi alikuwa anapanda treni kwenda kwenye mashindano ya taifa ya Ujerumani. Mashindano yakihamia London, anahitaji viza ya Uingereza, kwa sababu Uingereza haikuwahi kuwa ndani ya Schengen, hata kabla ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Mwenzake wa darasani mwenye uraia wa Ujerumani alikuwa anapita na kitambulisho tu. Tangu Oktoba 2021 naye anahitaji paspoti, na tangu Aprili 2025 anahitaji kibali cha kielektroniki. Usumbufu, ndiyo, lakini kibali hicho kinaombwa kwenye simu. Viza ya familia ya watu wanne inaombwa kwa taarifa za benki, barua ya mwajiri, alama za vidole na ada isiyorudishwa. Na yule ambaye kesi yake ya ukimbizi haijaamuliwa hana hata cha kuombea viza.

Angalia miaka ambayo mashindano hayo ya Ulaya yalifanyika bara, Berlin 2019 na Frankfurt 2022. Kwa familia zetu zilizo Ujerumani, Ubelgiji na Uholanzi hizo zilikuwa safari za treni. Kisha yakarudi London 2023, 2024 na 2025. Hakuna grafu inayoonyesha waliokwama hapo katikati, kwa kuwa asiyenunua tiketi hahesabiwi.

Juu ya hayo kukaja korona. Machi 2020 meza zote zilikunjwa, na fainali za dunia za Pokémon zilizokuwa zifanyike London mwaka huo zikasubiri hadi Agosti 2022. Cha ajabu ni kwamba wakati kumbi zimefungwa ndipo kadi zilipouzwa kwa fujo. Watu mashuhuri walifungua maboksi ya zamani mbele ya kamera, na Mei 2021 maduka ya Target huko Marekani yalisitisha kwa muda kuuza kadi madukani kwa kuhofia usalama wa wateja na wafanyakazi. Hadi Machi 2022 kampuni ya Pokémon ilikuwa imechapa kadi bilioni 43.2 tangu mchezo uanze. Hadi Machi 2024 zilikuwa bilioni 64.8. Maana yake theluthi moja ya kadi zote tangu 1996 ilichapwa ndani ya miaka miwili. Usidhani wachezaji nao waliongezeka kwa kasi hiyo. Kadi nyingi zilikwenda moja kwa moja kwenye jalada, nyingine kwa walanguzi, na mtoto aliyetaka kadi nne za kuchezea alikuta rafu tupu.

Kumbi zilipofunguliwa, baadhi ya wale wakusanyaji waligeuka wachezaji, na hapo tukaingia katika hali ya sasa: tiketi za mashindano makubwa ya Pokémon zinauzwa mtandaoni kwa saa iliyotangazwa, na mara nyingi zinakwisha upesi. Japani, ambako watu ni wengi zaidi, nafasi hugawiwa kwa bahati nasibu. Mashindano yanayojaa kila mara hayawezi kukuambia kama hamu inapanda au inashuka. Tiketi zikiwa 2,000 na wanaotaka ni 2,500 au 9,000, grafu itaandika 2,000 tu. Waandaaji wanaijua idadi ya waliokosa, na hiyo ndiyo namba ambayo ningelipa kuiona.

Kwa mzazi anayeuliza mtoto aanzie wapi, hasa kama karatasi za kusafiria ni tatizo: Konami bado wanaendesha mashindano ya taifa ya Yu-Gi-Oh! katika nchi nyingi za Ulaya, zikiwemo Ujerumani, Ufaransa na Italia. Mchezaji anafuzu kupitia mashindano ya kanda ndani ya nchi, anakwenda ya taifa ndani ya nchi, na mpaka unaanza kuwa suala pale tu anapofuzu ubingwa wa Ulaya. Kwa Pokémon, tafuta yale ya ngazi ya kanda yanayofanyika bara. Miaka ya karibuni yamepita Stuttgart, Dortmund na Lille. Fungua akaunti ya mtoto mapema, jaza tarehe yake ya kuzaliwa kwa usahihi kwani ndiyo inayompanga kwenye kundi la umri, na siku ya tiketi uwe umeshaingia na kadi ya benki mkononi kabla saa haijafika.