Kunguni Katika Mabweni ya Mahujaji: Kinga Huanzia Kwenye Begi

Njia ya Mtakatifu Yakobo iendayo Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania, hutembewa kwa miguu na mahujaji wa mataifa mengi. Anayeanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, nchini Ufaransa, husafiri takriban kilomita 780. Kila usiku hulala katika bweni jingine, juu ya godoro alilolilalia mgeni mwingine jana yake. Mazingira hayo humfaa sana kunguni.

Kunguni hana mbawa za kurukia, hutambaa tu. Ili afike bweni la mbali hana budi kubebwa, na mara nyingi mbebaji ni begi la msafiri. Mchana hujificha katika mishono ya godoro, nyufa za kitanda na mikunjo ya mizigo. Usiku huvutwa na joto la mwili na pumzi zetu. Kuwepo kwake si ushahidi wa uchafu, kwani chakula chake ni damu, si taka.

Ufikapo, usiweke begi kitandani. Lifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uliweke mbali na kitanda. Kisha kagua kwa tochi mishono ya godoro, hasa upande wa kichwani. Tafuta mdudu bapa wa kahawia mwenye ukubwa wa mbegu ya tofaa, maganda aliyojivua, na vitone vyeusi vya kinyesi chake. Ukiviona, mjulishe mwenye bweni na uombe chumba kingine. Usijipulizie wala usipulizie matandiko dawa ya kuua wadudu: kunguni wengi wamekuwa sugu, na sumu hiyo huvutwa na anayelala.

Kwa mhudumu wa afya: alama za kuumwa huwasha, mara nyingi hujipanga mstari, na huwa kwenye ngozi isiyofunikwa. Ugonjwa wa upele, kinyume chake, hupenda katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono. Alama za kunguni huweza kuchelewa hata siku 14. Kwa hiyo mwulize mgonjwa alikolala siku zote hizo, si jana tu. Krimu ya haidrokotisoni na dawa ya mzio hutosha kwa wengi. Antibiotiki ni kwa jeraha lililoambukizwa bakteria pekee. Mwondolee hofu pia: kunguni haambukizi VVU.

Urejeapo nyumbani, begi lisiingie chumbani. Nguo zifuliwe kwa maji ya nyuzi joto 60, au zikaushwe kwa mashine yenye joto kali kwa dakika 30. Kisichofulika kifungwe na kugandishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4.

Zaidi ya yote, usifiche. Msafiri anayenyamaza kwa aibu humwachia kunguni atakayelala kitandani hapo kesho, na huenda akawapelekea watoto wake mwenyewe.