Pumzi Hutangulia, Mifupa Hufuata

Mtu mzima anayeanza kukimbia huona mabadiliko upesi. Katika wiki mbili za kwanza majimaji ya damu huongezeka, na moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Wiki chache baadaye vishipa vidogo huchipua ndani ya misuli, na mitokondria, zile sehemu za seli zinazogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu, huongezeka. Ngazi za nyumbani hazimhemeshi tena, naye hujiona yuko tayari. Kumbe wakati huohuo mifupa ya miguu yake inaweza kuwa dhaifu kuliko siku alipoanza.

Mfupa ni kitu hai. Ukipigwa na ardhi mara elfu kwa elfu, hupata nyufa ndogo mno zisizoonekana. Mwili huzitengeneza kwa hatua mbili: kwanza seli za kubomoa huondoa sehemu iliyochoka, kazi ya wiki tatu hivi, kisha seli za kujenga hujaza pengo polepole kwa miezi mitatu au zaidi. Mapengo yale yakiwa bado wazi, mkimbiaji mwenye pumzi mpya anaongeza kasi na umbali. Kano, kama ile ya kisigino, nazo hupata damu kidogo na huimarika taratibu. Majeraha mengi ya wanaoanza huzaliwa katika pengo hili, pumzi zikiwa zimefika na mifupa ikiwa bado njiani.

Nayasema haya nikiwafikiria watu wa Kivu, Burundi, Somalia, Kenya na Tanzania walioweka makazi Louisville, Columbus na Buffalo. Kila moja ya miji hii mitatu ina nusu marathoni yake, kilomita 21.1. Louisville ina Kentucky Derby Festival miniMarathon, iliyoanza mwaka 1974 na hukimbiwa mwishoni mwa Aprili, siku chache kabla ya mashindano ya farasi ya Kentucky Derby. Ya Buffalo huja mwishoni mwa Mei. Ya Columbus ni Oktoba. Nao majirani wa Kimarekani hupenda kumwambia kila mgeni mweusi kwamba Mwafrika wa Mashariki huzaliwa akiwa mkimbiaji. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, lakini yanaumiza watu miguu. Mtu wa miaka 40 aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na ambaye sasa husimama ghalani usiku kucha akipanga mizigo, hana miguu ya kijana wa Iten, ule mji wa wakimbiaji nchini Kenya. Ana miguu yake mwenyewe, nayo inahitaji muda wake.

Ardhi ya kujifunzia ipo, tena nzuri. Mfereji wa Erie ulifunguliwa mwaka 1825, ukiwa na urefu wa kilomita zipatazo 584, kutoka Mto Hudson hadi Buffalo. Matishari yake yalivutwa kwa kamba na farasi na nyumbu waliotembea kandokando ya maji, na njia ile ya wanyama leo imekuwa, kwa sehemu kubwa, njia ya miguu na baiskeli. Ukitoka Buffalo kupitia Tonawanda unafika Lockport, ambako malango ya maji yalijengwa moja juu ya jingine ili kupandisha vyombo kwenye genge refu la mawe. Kutoka hapo hadi Rochester mfereji hauna lango kwa karibu kilomita 100. Louisville ina mfereji mfupi uliofunguliwa mwaka 1830 ili meli zikwepe maporomoko ya Mto Ohio. Mkimbiaji anaweza kutoka katikati ya jiji, akafuata mto kupitia Portland hadi Shawnee. Columbus iliunganishwa na Mfereji wa Ohio na Erie mwaka 1831 kupitia Lockbourne, ambako mawe ya malango ya zamani bado yanaonekana. Wakimbiaji wa Columbus sasa hutumia zaidi njia za kando ya mito Olentangy na Scioto, na anayetaka njia halisi ya nyumbu huenda kaskazini, katika Hifadhi ya Taifa ya Cuyahoga Valley.

Nyumbu hawakuweza kuvuta tishari mlimani, kwa hiyo njia hizi ni tambarare. Hapo ndipo penye utamu wake na hatari yake. Mlima humpunguza mtu kasi hata asipotaka, tambarare haimzuii. Tena kwenye tambarare kila hatua hufanana na iliyotangulia: pembe ileile ya kifundo, msuli uleule, mahali palepale pa mfupa wa muundi. Kila hatua ya kukimbia huleta mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Anayemaliza nusu marathoni kwa saa mbili na nusu, akipiga hatua 160 kwa dakika, amekanyaga mara 24,000.

Wengi huamini kwamba vumbi la mawe lililotandazwa kwenye njia za mfereji linatosha kuwaokoa kwa sababu ni laini kuliko lami. Ulaini huo husaidia kidogo kuliko wanavyodhani, kwa kuwa mwili hurekebisha ugumu wa mguu kulingana na ardhi: kwenye ardhi laini mguu hukakamaa zaidi, kwenye ardhi ngumu hulegea. Na theluji inapoyeyuka mwezi Machi, vumbi lile huwa tope la kuteleza.

Kinacholinda zaidi ni umbali wa mbio moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000, ulionyesha kwamba hatari ya kuumia huongezeka pale mbio ya siku moja inapozidi kwa zaidi ya asilimia 10 ile ndefu kuliko zote za siku 30 zilizopita. Waliozidisha maradufu hatari yao ilikuwa zaidi ya mara mbili. Kama mbio yako ndefu ya mwezi huu ni kilomita 8, ya Jumamosi ijayo isizidi 8.8, hata kama pumzi zinakwambia unaweza 14. Njia ya mfereji ina mtego wake hapa: haina njia ya mkato ya kurudi nyumbani. Ukienda kilomita saba, unazo saba nyingine. Amua mahali pa kugeukia kabla hujatoka. Buffalo upepo huvuma mara nyingi kutoka magharibi na kusini-magharibi, ziwani. Anza kwa kuukabili, ili ukusindikize wakati wa kurudi ukiwa umechoka.

Mbio nyingi za wiki ziwe za taratibu kiasi cha kuweza kuongea sentensi nzima bila kukatika. Mazoezi hayo ndiyo yanayokuza mitokondria na vishipa, na ndiyo yanayoipa mifupa nafasi. Anayeanza kutoka kutembea ajipe miezi sita. Najua ni mingi, na najua mipango ya wiki kumi imejaa kwenye simu, lakini hesabu ya ujenzi wa mfupa haifuati simu.

Jua pia maumivu ya kuogopa. Uchovu wa misuli husambaa pande zote mbili na hupungua ukishapasha mwili moto. Ufa wa mfupa huuma mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa ncha ya kidole, huzidi ukiendelea kukimbia, na baadaye huuma hata usiku kitandani. Hutokea sana kwenye muundi na kwenye mifupa mirefu ya wayo. Wiki mbili tatu za mwanzo eksirei mara nyingi haionyeshi kitu, kwa hiyo picha safi isikurudishe njiani. Mweleze daktari kwamba unakimbia na uulize kama kipimo cha MRI kinafaa.

Wenye ngozi nyeusi tuna jambo jingine la kuangalia katika miji hii. Vitamini D, inayowezesha mwili kuchukua kalsiamu, hutengenezwa na ngozi kwa mionzi ya jua. Watafiti wa Boston walionyesha mwaka 1988 kwamba katika latitudo ya mji wao, nyuzi 42 kaskazini, jua la Novemba hadi Februari halina nguvu ya kutosha kuianzisha kazi hiyo. Buffalo iko kaskazini kidogo zaidi. Melanini, ile rangi ya ngozi iliyotukinga kule Uvira na Mombasa, hapa inahitaji muda mrefu zaidi wa jua, na dada aliyejisitiri kwa hijabu na koti hupata mwanga kidogo zaidi. Ni kweli kwamba watu weusi kwa wastani wana mifupa mizito, na kwamba vidonge vya vitamini D havikupunguza mivunjiko kwa watu wazima wenye afya ya kawaida. Lakini katika utafiti wa mwaka 2008 kwa wanawake zaidi ya 5,000 walioanza mafunzo ya jeshi la wanamaji la Marekani kando ya Ziwa Michigan, waliopewa kila siku kalsiamu miligramu 2,000 na vitamini D yuniti 800 walipata nyufa za mifupa pungufu kwa asilimia 20. Pima damu kwanza, ndipo unywe vidonge. Na dagaa wakavu, ndagala kwa watu wa Ziwa Tanganyika, ni kalsiamu nzuri kwa sababu huliwa na mifupa yao.

Kipimo cha pili cha damu nakitilia mkazo zaidi, cha selimundu. Siuzungumzii ugonjwa wenyewe, nazungumzia kubeba kinasaba kimoja kutoka kwa mzazi mmoja, hali iliyoenea sana Kongo na kandokando ya Maziwa Makuu kwa sababu humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Watoto wanaozaliwa Marekani hupimwa wote. Baba na mama zao waliozaliwa Kamituga au Fizi mara nyingi hawakupimwa kamwe. Utafiti wa mwaka 2016 kwa askari weusi zaidi ya 47,000 wa jeshi la Marekani uliwakuta wabebaji wakiwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 54 ya misuli kuvunjika kutokana na mazoezi, ingawa hawakufa zaidi ya wengine. Mbebaji anaweza kukimbia nusu marathoni. Aongeze kasi kidogo kidogo, anywe maji, na misuli ikiishiwa nguvu ghafla asimame. Mkojo ukitoka na rangi ya chai ya rangi, aende hospitali siku hiyohiyo.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya maandalizi ya Louisville na Buffalo. Mwenye kufunga akimbie kwa wepesi muda mfupi kabla ya kufuturu, na mbio ndefu aihamishie usiku, akishakula na kunywa. Mwezi huo umbali usiongezwe.

Siku ya mbio, wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini hutosha dakika 90 hadi saa mbili, hivyo anayekimbia kwa saa mbili na zaidi anahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ina kama 25. Maji anywe kwa kiu. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipopimwa damu, asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini kuliko kawaida, na waliokunywa hadi wakaongezeka uzito ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Kuhusu kasi, Louisville ina mwalimu wake. Wesley Korir, mzaliwa wa Trans Nzoia, alisoma biolojia Chuo Kikuu cha Louisville. Boston ya mwaka 2012 ilikimbiwa katika joto la karibu nyuzi 30. Korir aliwaacha vinara watangulie, akakimbia kadiri joto lilivyomruhusu, akawapata mmoja mmoja na kushinda kwa saa 2:12:40, zaidi ya dakika tisa nyuma ya muda wa mshindi wa mwaka uliotangulia. Asubuhi ikiwa na joto, muda uliopanga nyumbani haufai tena. Ubadilishe kabla ya kilomita ya kwanza.

Nyuma ya karatasi ya namba ya mkimbiaji kwa kawaida kuna nafasi ya maelezo ya dharura. Andika jina na simu ya mtu wa nyumbani atakayepokea, dawa unazotumia, na kama unabeba kinasaba cha selimundu. Yaandike kwa Kiingereza, maana watakaokupokea kwenye hema la huduma ya kwanza huenda wasijue Kiswahili.