Je, Wajua? Hesabu za kuikwepa nyambizi

Je, wajua kwamba mfugaji wa Nkololo akiongeza ng'ombe mara nne, miiba ya zizi huongezeka mara mbili tu, umbo likibaki lilelile? Eneo hukua upesi kuliko mzingo. Katika Vita Kuu ya Pili, mwanafizikia Mwingereza Patrick Blackett na wenzake waliipeleka hesabu hiyo baharini: msafara ukikua, manowari za ulinzi hazihitaji kuongezeka kwa kiasi kilekile, na nyambizi ikishapenya, huzamisha idadi ileile ndogo ya meli, msafara uwe na meli 30 au 60. Misafara ya meli zaidi ya 40 ilipoteza asilimia 1.1, midogo, asilimia 2.5. Wakubwa wa jeshi la majini walikuwa wameng'ang'ania midogo.

Kwamba mbio nazo ni kinga? Meli ya kubebea ndege ikienda kilomita 55 kwa saa, na nyambizi chini ya maji ikienda 15, iliyo mbali haitaifikia isipokuwa iwe mbele yake, ndani ya nyuzi kama 16 kila upande. Ya nyuma na ijiendee zake.

Kwamba kinga hiyo ina tundu? Ili ndege zitue, meli huelekea upepo unakotoka, na upepo haujui nyambizi iko wapi. Tarehe 17 Septemba 1939, meli ya Waingereza ya kubebea ndege, HMS Courageous, iligeuka kupokea ndege zake, ikajipeleka yenyewe mbele ya nyambizi U-29 ya Wajerumani. Walikufa zaidi ya 500.

Kwamba mwaka 1942 meli nyingine za kubebea ndege za Waingereza, Illustrious na Formidable, zilikuwa zikitia nanga Kilindini? Na hapohapo Mombasa, katika shule ya Allidina Visram, Waingereza walikuwa wakifumbua simu za siri za Wajapani.

Kwamba vijana wetu walikuwamo? Februari 1944 msafara KR-8 uling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo: meli tano za abiria, walinzi watatu. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi I-27 ya Wajapani ikapenya, ikaipiga mojawapo ya meli hizo za abiria, Khedive Ismail. Meli ilizama kabla dakika tatu hazijatimia, ikaondoka na watu karibu 1,300, wengi wao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walinzi Petard na Paladin walitupa mabomu ya chini ya maji huku manusura wakielea palepale. I-27 ilipoibuka, Petard iliirushia topido moja baada ya nyingine. Ya saba ndiyo iliyoipata.