KADI YA DUKA LA GHALA: FAIDA AU HASARA?

Somo la redio kwa watu wazima: Matumizi ya Nyumbani

Twaa kalamu, maana leo tutapiga hesabu.

Somo hili ni la wenzetu wasemao Kiswahili wanaokaa Marekani. Waliotoka Kongo, Tanzania, Kenya, Burundi na kwingineko, ambao sasa huendesha nyumba zao kwa dola. Huko yako maduka makubwa kama maghala, ambayo hununui kitu mpaka umelipa ada ya mwaka na kupewa kadi. Yaliyo mashuhuri ni Costco, Sam's Club na BJ's. Mgeni akiyasikia hayo hushangaa, akauliza: "Nilipe kiingilio ndipo nikanunue mchele?" Swali lake ni la haki. Jibu lake hutoka katika hesabu, na kila nyumba ina hesabu yake.

Kwanza tuone maduka haya yalianzaje. Mwaka 1976, Sol Price na mwanawe Robert walifungua duka liitwalo Price Club mjini San Diego, California, katika jengo lililokuwa banda la ndege. Mwanzoni waliwauzia wenye biashara ndogo ndogo tu. Mwaka 1983 Costco ilifunguliwa mjini Seattle, na mwaka huo huo Sam Walton akafungua Sam's Club ya kwanza katika jimbo la Oklahoma. Price Club na Costco ziliungana mwaka 1993.

Je, kwa nini bei zao huwa chini? Sababu ni nne. Sababu ya kwanza, aina za vitu ni chache. Costco huweka aina kama 4,000, ambapo duka kubwa la kawaida huweka makumi ya maelfu. Anunuaye kingi cha aina moja hupata bei nzuri kwa mwenye kiwanda. Ya pili, bidhaa hukaa juu ya majukwaa yale yale ya mbao zilizokuja nayo, kwa hiyo kazi ya kuzipanga hupungua. Ya tatu, vitu huuzwa kwa mafungu makubwa. Ya nne ni ile ada yenyewe. Katika mwaka wa hesabu wa 2024, Costco ilipokea ada zipatazo dola bilioni 4.8, na faida yake safi ilikuwa kama dola bilioni 7.4. Basi waona kwamba sehemu kubwa ya faida hutoka katika kadi, na ndiyo maana duka laweza kuridhika na faida ndogo juu ya mchele na mafuta.

Hapa nakuonya juu ya neno "mwanachama". Katika duka la ushirika, kama lile la Rochdale, Uingereza, lililofunguliwa mwaka 1844, mwanachama ana hisa na kura, na faida hugawanywa kwa kadiri ya manunuzi yake. Kadi ya duka la ghala haikupi hisa wala kura. Umenunua ruhusa ya kununua, basi. Kwa hiyo ada ihesabu kama unavyohesabu nauli: ni gharama, nayo hapana budi irudi.

Tangu Septemba 2024 ada ya kawaida ya Costco imekuwa dola 65 kwa mwaka. Sam's Club ilipandisha yake mwaka 2022 ikawa dola 50. Tushike ile ya dola 65. Igawanye kwa miezi 12, utapata dola 5 na senti 42. Andika tarakimu hiyo juu ya karatasi yako. Kila mwezi, kabla hujaokoa hata senti moja, duka limekwisha kuchukua hiyo.

Sasa tujifunze kulinganisha bei. Usiangalie bei ya fungu; angalia bei ya ratili moja. Tuseme duka la jirani lauza mchele ratili 5 kwa dola 5, na ghala lauza gunia la ratili 25 kwa dola 17 na nusu. Macho yatakuambia kwamba la ghala ni ghali. Gawanya: kwa jirani ratili ni dola moja, kwa ghala ni senti 70. Umeokoa senti 30 kwa kila ratili. Nyumba ilayo ratili 10 kwa mwezi itaokoa dola 36 kwa mwaka katika mchele peke yake. Ila fanya hesabu hii kwa kila kitu, kwani si kila kitu ghalani huwa rahisi. Duka la kawaida likipunguza bei kwa wiki moja, mara nyingine hulishinda ghala.

Jambo la pili ni hili: je, kitaliwa chote? Tuseme mboga ya majani kwa jirani ni dola 3 kwa ratili, na ghalani mfuko wa ratili 3 ni dola 6. Mtu akaaye peke yake akila ratili moja na nusu, nyingine ikaoza, amelipa dola 6 kwa ratili moja na nusu. Ratili iliyoingia tumboni imemgharimu dola 4! Rahisi imekuwa ghali. Mchele, maharagwe, sabuni na nepi hungoja. Mboga, mkate na maziwa havingoji, ila kama una nafasi katika friza.

Jambo la tatu ni safari. Maghala haya mara nyingi yako mbali na makazi. Hesabu petroli, au nauli ya kukodi gari kwa asiye na gari. Lakini ukiwa na gari, na ghala likiwa njiani uendapo kazini, angalia pia bei ya petroli yao, ambayo mara nyingi huwa chini. Hiyo nayo iandike upande wa faida.

Jambo la nne ni tamaa. Uliingia kununua mafuta, ukatoka na televisheni. Duka hupangwa ili uone vingi kabla hujafika kwenye chakula, na punguzo la kitu usichokihitaji si akiba. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Nenda na orodha, nawe uifuate.

Sasa tuzipime nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ina watu sita. Vitu ambavyo ingevinunua hata hivyo, kwa jirani vingegharimu dola 150 kwa mwezi. Tuseme ghalani wanaokoa senti 15 katika kila dola: hizo ni dola 22 na nusu. Toa ada, dola 5 na senti 42. Toa safari moja ya dola 5. Zimebaki dola 12 na senti 8 kila mwezi. Kwa mwaka, kama dola 145. Hiyo yaweza kuwa viatu vya shule vya watoto.

Nyumba ya pili ni ya kijana mmoja. Vitu vyake vingegharimu dola 40. Akiba yake ni dola 6. Toa ada, toa safari ile ile: amepungukiwa dola 4 na senti 42 kila mwezi, karibu dola 53 kwa mwaka, na bado hatujahesabu mboga iliyooza. Duka ni lile lile, bei ni zile zile, lakini mmoja amefaidika na mwingine amepata hasara.

Kijana huyu afanyeje? Costco humruhusu mwanachama kuingia na wageni wawili, ingawa yeye tu ndiye alipaye kwenye kaunta. Basi aandamane na jirani mwenye kadi, wachangie petroli, na gunia waligawane nyumbani kwa mizani. Tena, dawa alizoandikiwa na daktari aweza kuzinunua katika duka la dawa la Costco bila kadi.

Iko pia kadi kubwa ya dola 130, ambayo humrudishia mnunuzi dola 2 katika kila 100. Imezidi ile ndogo kwa dola 65. Ili kuzirudisha hizo tu, lazima ununue vitu vya dola 3,250 kwa mwaka, kama dola 271 kwa mwezi, na petroli haihesabiwi. Aliye chini ya hapo asiichukue.

Mwisho, usikisie, jaribu. Costco huahidi kurudisha ada yote kwa mwanachama asiyeridhika. Basi weka risiti zako za miezi mitatu, andika daftarini akiba, safari na vilivyotupwa, kisha jumlisha. Ukiona hasara, peleka kadi yako, udai ada yako bila haya. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Taja vitu vitano ambavyo nyumba yako hutumia kila mwezi na ambavyo haviozi. Ratili au galoni moja ya kila kimoja ni bei gani dukani unakonunua sasa?

2. Kadi ya kawaida ya duka la ghala na hisa ya chama cha ushirika zatofautianaje?

3. Nyumba yaokoa dola 14 kwa mwezi, yaenda ghalani mara mbili kwa dola 5 kila safari, na ada ni dola 65 kwa mwaka. Je, yapata faida au hasara? Ingekwenda mara moja tu, ingekuwaje?

Kwaherini, hadi somo lijalo.