Afya ya mifugo nyumbani: Kwa nini mbwa hula nyasi?

Leo tuchukue jambo linalowatia hofu wafugaji wengi: mbwa aliyeshiba anakwenda pembeni mwa uwanja, anainamisha kichwa upande, anakata nyasi kwa meno ya nyuma na kuzimeza karibu nzima. Mwenye mbwa husema tumbo linamsumbua, anatafuta kutapika.

Kwa mbwa wachache ni kweli. Benjamin Hart na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walikusanya majibu ya wenye mbwa 1,571 na kuyachapisha mwaka 2008. Asilimia 68 walisema mbwa wao hula mimea kila siku au kila wiki. Waliosema mbwa huonyesha ugonjwa mara kwa mara kabla ya kula walikuwa asilimia 8 tu. Hutapika baadaye, asilimia 22. Tena mbwa wenye umri mdogo ndio waliokula zaidi, na ni nadra wao kuonekana wagonjwa.

Basi tabia hii ni ya urithi. Hata mbwa mwitu wa nchi za baridi, ambao ndio asili ya mbwa wetu, hukutwa na nyasi kwenye kinyesi. Faida yake? Jibu zuri linatoka hapa kwetu, milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika. Sokwe wa huko huchuma majani yenye vinyweleo vikali, wakayakunja kwa ulimi na kuyameza bila kutafuna. Michael Huffman, aliyewachunguza kwa miaka mingi akisaidiwa na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyezijua vyema dawa za miti, alionyesha kwamba majani hayo hutoka yakiwa mazima, pengine na minyoo hai imenasa juu yake. Hayaui minyoo, hulichochea tumbo liisukume nje.

Hart anaona nyasi ziliwafanyia mababu wa mbwa kazi hiyo hiyo. Bado ni dhana, lakini naiona nzito kuliko nyingine zote, kwa sababu inaeleza kwa nini mbwa mwenye afya naye hula: anajikinga kabla hajaugua. Inaeleza pia kwa nini wenye umri mdogo hula zaidi: watoto wa mbwa ndio wanaosumbuliwa zaidi na minyoo.

Kwa hiyo usimpige wala usimfunge kwa kosa hilo. Hofu yako iwe juu ya nyasi zilizopuliziwa dawa ya magugu au wadudu, na mbegu za mbarika, ambazo ni sumu kali. Wala usiziachie nyasi kazi ya tiba: mbwa mkubwa apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, maana minyoo yake huweza kuwapata watoto wako pia. Akianza ghafla kula nyasi kwa pupa, akatapika mfululizo, akakataa chakula au akaharisha damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.